Mtoto asiyejua kuongea alivyokuwa mkalimani kati yangu na mama mkwe

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi humu ni msomaji tu. Miaka yote nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, napita kimya. Leo naandika ya kwangu. Mke wangu ameyapitia yote kabla sijaweka hapa, amefuta sehemu mbili alizosema nimejipamba. Zilizobaki ni kweli tupu.

Niko Kamina, Kongo, kule Haut-Lomami. Wengi wenu mko Bongo na Kenya, kwa hiyo nitajitahidi kuandika Kiswahili chenu. Watu wa kwetu wakifungua mdomo nitawaacha waseme wanavyosema, mtaelewa tu.

Kazi yangu ni kuchaji simu za watu kwa sola na kuzitengeneza zikiharibika. Nina kibanda karibu na stesheni.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa, na pale kwenye kelele za injini hakuna anayesikia mwenzake, kila kitu wanaambiana kwa mikono. Njoo, rudi, polepole, simama. Mpaka nyumbani, mzee akishiba alikuwa anainua mikono miwili juu, ile ishara ya kusimamisha treni, na mama anaondoa sahani. Kwa hiyo mtu kuongea kwa mikono, kwangu si kitu kigeni.

Jirani wa kibanda changu ni Fundi Monga, mshona nguo. Fundi hasikii tangu utotoni, na mke wake pia hasikii. Lakini mtoto wao wa kiume anasikia vizuri kabisa, na alizaliwa mwezi mmoja na binti yangu Plamedi. Msicheke jina. Kwetu ni la kawaida, ni maneno ya Kifaransa yaliyofupishwa, maana yake mpango wa ajabu wa Mungu.

Siku moja watoto wote wawili walikuwa pale kibandani, wana miezi minane hivi.

Wa kwangu akaanza kulia. Nikampa maji, akatupa. Nikampa biskuti, akatupa. Nikambeba, akanipiga kofi la shavu mbele ya wateja.

Wa Fundi akamtazama baba yake, akaelekeza kidole gumba mdomoni. Fundi akampa maji. Mtoto akanywa, akaendelea na shughuli zake.

Wakuu, niliona wivu. Sijawahi kumwonea mtu wivu wa pikipiki wala wa nyumba, lakini siku ile nilimwonea mshona nguo wivu wa mtoto asiyelia.

Nikamwomba anifundishe. Akachukua chaki yake ya kupimia nguo, akaandika kwenye kipande cha kitambaa: RUDIA. RUDIA TENA. USICHOKE. Kile kitambaa bado ninacho.

Niseme jambo moja hapa ili nisipotoshe watu. Lugha ya mikono ya Fundi na mke wake ni lugha kamili. Wanabishana mpira, wanasengenya wateja, wanasimuliana ndoto. Mimi niliazima maneno matano tu. Kula, vidole vimekusanywa mdomoni. Maji, kile kidole gumba. Usingizi, kiganja shavuni. Zaidi, ncha za vidole vya mikono miwili zinagongana. Maumivu, vidole viwili vya shahada vinagongana pale panapouma. La sita nililirithi kwa baba yangu: basi, mikono miwili juu.

Nikaanza. Kila akinywa maji, nasema maji, na mkono unasema maji. Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya tano, hakuna kitu. Mke wangu akaniambia naonekana kama mtu anayefukuza nzi.

Halafu asubuhi moja uji umeisha kwenye bakuli, Plamedi akalitazama bakuli, akanitazama mimi, akakusanya vidole vyake vile vifupi akavigonganisha.

Zaidi.

Nilimwongezea uji, nikatoka nje nikasimama nyuma ya nyumba nikafuta macho. Hii pia mke wangu alitaka kuifuta, eti nilikimbilia nje kwa sababu ya moshi. Haukuwa moshi.

Baada ya hapo aliyashika yote haraka. Kilio kikapungua sana nyumbani. Na ile ishara ya babu yake, basi, aliipenda kuliko zote. Jumapili moja kanisani, katikati ya mahubiri marefu, akainua mikono miwili juu na kuishikilia hapo. Mama mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti kwamba mtoto huyu ana upako. Mimi nilijua ameshiba mahubiri.

Ngoja nimhudumie mteja, narudi.

Nimerudi.

Sasa ndiyo mambo yenyewe. Plamedi akafika miezi kumi na sita. Mikono ilikuwa inasema maneno sita, mdomo ulikuwa unasema "ba". Mimi ba, mama yake ba, kuku ba.

Mtaani wakaanza kumwita mutoto ya mikono. Habari ikasafiri mpaka Kinkondja, kwenye Ziwa Kisale, kwa mama mkwe wangu. Mama mkwe akapanda boti, akapanda treni, akaja na mzigo wa samaki wakavu, mfuko wa maharagwe na nia moja.

Kwao, mtoto akiachishwa ziwa anaweza kwenda kulelewa na bibi yake kwa muda. Ni desturi, na wengi wamekua hivyo wakakua vizuri, mke wangu mwenyewe mmoja wao. Lakini wakuu, kutoka Kamina mpaka Kinkondja si kwenda na kurudi jioni. Ningemwona binti yangu mara moja kwa mwaka, Mungu akipenda.

Na mimi siwezi kubishana naye. Hapa lazima niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa kitu.

Sisi Waluba, mwanaume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Hamtazamani usoni, hampigi soga. Vijana wa siku hizi wengi wameacha, lakini mama mkwe wangu haachi kitu. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani. Akiwa uani, mimi nakohoa kabla ya kuingia ili apate nafasi ya kujiondoa. Kwa wiki zote alizokaa kwetu nilikohoa mpaka jirani akaniletea dawa ya kifua.

Kwa hiyo mama mkwe aliongea na mke wangu, na mimi nilisikilizia upande wa pili wa ukuta.

"Minyi nilizala batoto munane," alisema. "Hakuna hata moya mwenye aliomba mayi na mikono. Muko munamufundisha ububu huyu mutoto. Kinywa yake iko inalala."

"Mama, atasema tu," mke wangu akajibu.

"Atasema lini? Kule kwangu iko batoto wengi, watamufundisha kusema. Nitaenda naye."

Mke wangu hakujibu. Na ile kutojibu kwake ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu nilijua naye ameanza kuogopa. Nami nilikuwa nimeanza kuogopa. Unajiambia mtoto atasema, lakini unaona watoto wa jirani wanaita majina ya watu na wako anaita kila kitu ba.

Mwisho yakafikiwa makubaliano, mke wangu akinipelekea na kunirudishia maneno. Wiki mbili bila mikono. Hakuna kumwonyesha ishara, hakuna kumjibu akionyesha. Akitoa neno moja la kueleweka, anabaki Kamina. Asipotoa, anakwenda na bibi yake.

Nilikubali. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini nilikubali.

Zile siku zilikuwa mbaya. Mtoto anakukusanyia vidole, anakuomba uji zaidi, na wewe unageuza macho utazame ukuta. Anajaribu tena, anafikiri labda hukuona. Bibi yake akimbeba mgongoni alikuwa anamfunga kitenge mpaka mabegani, mikono ndani, ili mdomo ufanye kazi. Hakuwa mkatili, wakuu. Alikuwa anamwimbia siku nzima na kumtafunia samaki laini. Alikuwa anaamini kabisa kwamba anamwokoa.

Siku ya tisa Plamedi akaanza kulia bila kunyamaza. Hali, halali vizuri, anasukuma kila kitu. Mama mkwe akasema meno. Mke wangu akapapasa ufizi, akakuta kweli jino linatoka, tukasema sawa, meno. Siku ya kumi hivyohivyo. Siku ya kumi na moja mke wangu akaenda sokoni kuuza unga wake kama kawaida, mimi nikarudi nyumbani mchana kuchukua betri.

Nikakohoa, nikaingia uani.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa jikoni, anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuweza kuondoka kwa sababu mtoto alikuwa analia mapajani pake, kwa hiyo akageuza mgongo. Mimi nikageukia uzio wa nyasi. Nikawa nachukua betri yangu kinyumenyume.

Ndipo nikamwona Plamedi kwa pembe ya jicho. Mikono ilikuwa nje ya kitenge. Alikuwa ananitazama mimi, machozi yanatiririka, na vidole vyake viwili vya shahada vinagongana.

Aligonganisha pembeni ya sikio la kushoto. Akasubiri. Akagonganisha tena palepale.

Makubaliano yalikuwa nigeuze macho. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Nikivunja, mtoto anakwenda Kinkondja na sitakuwa na la kusema. Nilisimama nimeshika ile betri, na mtoto akagonganisha mara ya tatu.

Sasa nitamwambiaje mama mkwe? Siruhusiwi kumsemesha hivihivi. Kuna njia moja tu ya adabu, nayo ni kumpitia mtu wa tatu. Na mtu wa tatu pale uani alikuwa mmoja.

Nikauambia uzio wa nyasi: "Plamedi, ambia kambo yako aangalie sikio ya kushoto. Njo inakuluma."

Kambo kwetu ni bibi, na njo ni ndiyo. Kambo akauambia ungo wa maharagwe: "Plamedi, ambia baba yako ni meno."

"Plamedi, ambia kambo meno haiko ku sikio."

"Plamedi, ambia baba yako minyi nilizala munane. Na ambia yeye tulipatana nini juu ya mikono."

Watu wazima wawili, mgongo kwa mgongo, tunagombana kupitia mtoto asiyejua kusema hata neno moja. Sasa hivi nacheka. Wakati ule sikucheka.

Niliweka betri chini. Nikakatiza uani, nikakanyaga mkeka wa mama mkwe wangu, nikamchukua mtoto mapajani pake kwa mikono yangu. Kidole changu kiligusa kitenge chake. Mama mkwe akajifunika uso wote, na ungo ukamwagika.

Nilikimbia naye mpaka kituo cha afya. Nyuma yangu nilisikia kandambili zinakuja. Mama mkwe alikuwa ananifuata kwa mbali, hatua zile za heshima, amejitanda kitenge kichwani.

Muuguzi akashika taa yake ndogo, akachungulia sikio la kushoto. Akachukua kibano.

Alitoa haragwe.

Haragwe zima, limevimba kwa unyevu, limepasuka ganda. Muuguzi akasema ngozi ya ndani imeanza kuchubuka na kuvimba, lingekaa zaidi pangeharibika vibaya. Akasafisha, akatoa dawa ya matone.

"Watoto wanaingizaka vitu," akasema. "Wazazi wanasemaka ni meno mupaka usaha inatoka. Njo nani aliwaonyesha sikio?"

"Ni yeye mwenyewe," nikasema.

Muuguzi akamtazama Plamedi, ambaye alikuwa ameshanyamaza na alikuwa anaomba maji kwa kidole gumba. Mlangoni mama mkwe alikuwa amesimama. Haragwe alikuwa analitambua. Lilikuwa jekundu lenye madoa, la mfuko wake mwenyewe aliokuja nao.

Jioni kikao kikakaa. Mimi upande wangu wa ukuta, wao upande wao, nasubiri hukumu.

Kwanza akanitoza kuku kwa kukanyaga mkeka wake. Jogoo, tena aliyekomaa. Nikasema kupitia mke wangu kwamba nakubali, kosa nimelifanya.

Halafu nikamsikia anasema polepole:

"Mutoto atabakia hapa."

"Lakini hajasema neno, mama," mke wangu akamwambia.

"Alisema. Siku tatu iko anasema, minyi nilikuwa namufunga mikono. Kule kwangu hakuna muntu mwenye anajua mikono yake. Akiwa na maumivu kule, ataambia nani?"

Wakuu, mimi upande wa pili wa ukuta nilikaa chini kwenye saruji.

Mama mkwe alibaki wiki mbili nyingine kwa ajili ya ile dawa ya sikio. Kuna jambo lilikuwa linaendelea jikoni ambalo sikulijua, maana mimi jikoni siingii. Nilikuwa nasikia tu Plamedi anacheka na kambo yake anauliza, "Hivi? Ao hivi?"

Siku ya safari tukamsindikiza stesheni, yeye na mzigo wake na jogoo wangu kwenye kikapu. Akapanda, akakaa dirishani. Mke wangu na mtoto wakasimama karibu na behewa, mimi nikasimama mbali kama hatua kumi na tano, naangalia pembeni, kama inavyotakiwa.

Treni ilitakiwa kuondoka asubuhi. Mnaojua treni zetu mnajua. Saa zikaenda, jua likapanda, watu wakaanza kuteremka kununua mihogo.

Mke wangu akaja kunigusa begani. "Angalia dirishani," akasema.

"Siangalii."

"Angalia mikono. Uso usiangalie."

Nikaangalia mikono. Mikono ya mama mkwe ilikuwa imetoka dirishani. Vidole viwili vya shahada vikagongana, kisha kimoja kikamwelekea Plamedi, kisha kikagusa sikio.

Alikuwa ananiuliza kama sikio bado linauma.

Desturi inakataza kushikana mikono, inakataza soga na kutazamana usoni. Juu ya ishara haijasema kitu, nadhani kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria.

Nikainua mikono miwili juu. Basi. Limekwisha.

Akauliza tena, kidole kwangu, vidole mdomoni. Nimekula? Nikajibu kwa kichwa kwamba bado. Akaingiza mkono kwenye mzigo, akamkabidhi mke wangu samaki wawili kupitia dirishani, akanielekezea mimi. Nikamwonyesha jogoo kwenye kikapu, nikafanya kidole gumba mdomoni, yaani jua kali, ampe maji. Akampa.

Nimekuwa mkwe wake miaka minne sasa. Mazungumzo yetu ya kwanza tuliyafanya pale, kwa maneno sita ya mtoto mchanga, na yalitutosha mpaka alasiri.

Treni ilipoanza kusogea, mikono ikatoka tena. Ikaelekea kwa Plamedi. Halafu ncha za vidole zikagongana.

Zaidi.

Nikajifanya naangalia mabehewa. Mke wangu akasema, "Usijifanye hukuelewa."

Wakuu, wiki sita baada ya hapo Plamedi alisema neno lake la kwanza. Lilikuwa "apana", na alimwambia Fundi Monga, ambaye hakulisikia. Leo ana miaka miwili na nusu, anaongea tangu anaamka, mpaka kuna saa natamani ile zamani ya mikono. Anasema Kiswahili, anasema Kiluba cha kambo, na akija kibandani anamwambia Fundi habari za nyumbani kwa ishara ambazo mimi nimeshaachwa nyuma.

Nilichojifunza ni kwamba mimi na mama mkwe tulikuwa tumeshughulika sana na lini mtoto ataongea, hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Na mimi ni mbaya kuliko yeye, kwa sababu yeye hakuwa anajua ishara na mimi nilikuwa najua. Mikono haikumfanya bubu. Kama una mtoto mdogo nyumbani, jaribu maneno matatu tu. Na kama jirani yako hasikii, mwombe yeye akufundishe, anajua zaidi ya video zote.

Mwezi uliopita tulituma picha Kinkondja, kwa simu ya jirani wa mama mkwe. Plamedi amesimama karibu na tumbo la mama yake lililoanza kujitokeza, ncha za vidole zimegongana. Hatukuandika kitu.

Jibu limefika juzi, mtandao wa kule unavyojua wenyewe. Ni picha. Mama mkwe wangu amesimama kando ya ziwa, kitenge kipya, jogoo wangu yuko miguuni pake amenenepa. Amenyoosha mikono mbele, na ncha za vidole zimegongana.

Zaidi tena.

Haya, wenye watoto waliochelewa kuongea na wenye wakwe wa kukohoa kabla ya kuingia, uwanja ni wenu. Mwageni ya kwenu hapo chini, Fundi amekaa pembeni yangu anasoma pia.